Kibandiko cha Tatu

Kila Jumanne asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Corinne Haugen alikuwa na kazi moja nyumbani kwao: kuyatoa mapipa. Jeusi la takataka lilitoka kila wiki. La buluu, la makopo, chupa na karatasi za kurejelezwa, lilitoka kila baada ya wiki mbili. Mama yake, Renae, alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee na huondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumhimiza. Kulikuwa na karatasi ya halmashauri tu, imebandikwa kwenye friji, ikieleza mambo kwa maneno makavu. Pipa liwe ukingoni mwa barabara kabla ya saa moja. Magurudumu yaelekee nyumbani. Kati ya pipa na pipa ziachwe futi tatu, ili mkono wa chuma wa lori upate pa kushika. Na vitu vya pipa la buluu vimiminwe vikiwa huru, visifungwe ndani ya mifuko ya plastiki.

Corinne aliisoma karatasi hiyo mara moja tu, mwezi wa Juni, akiwa na kipande cha mkate mdomoni.

Kazi ilikuwa na nusu ya pili, nayo ndiyo iliyomchosha. Kila Jumatatu baada ya chakula alitakiwa kwenda kumwaga ndoo ya jikoni ndani ya pipa la buluu. Ndoo ilinuka maziwa yaliyochacha, na banda la gari lilikuwa na buibui. Tangu shule zifunguliwe, Corinne alikuwa amempata mtu wa kumfanyia: mdogo wake Emmett, mwenye miaka saba, ambaye kwa biskuti mbili za chokoleti angekubali hata kuhamisha nyumba. Mama alipouliza kama ndoo imemwagwa, Corinne alijibu, "Nimemwaga kwa mikono yangu." Ndoo si imemwagwa? Basi. Alijiambia huo si uongo mkubwa, akautia mfukoni na kuusahau.

Katikati ya Septemba, alipotoka shule, alikuta kibandiko cha rangi ya chungwa juu ya kifuniko cha pipa la buluu. MIFUKO YA PLASTIKI. ONYO LA KWANZA. Baada ya wiki mbili kikaja cha pili, na hiki kilikuwa na maandishi marefu zaidi. Kikija cha tatu, pipa litachukuliwa kwa miezi sita.

Mama alikaa mezani, vibandiko viwili vimelala mbele yake. Alieleza polepole, kama mtu anayepanga chakula cha wiki, kwamba bila pipa la buluu kila kitu kingeingia kwenye jeusi, na jeusi lisipofungika vizuri lori huliruka, na yeye hana gari la kubebea taka wala siku ya kulitafuta.

"Corinne, nitazame. Unaviweka wewe vitu humo?"

"Kwa mikono yangu, Mama."

"Na mifuko?"

"Sijawahi kutia mfuko hata mmoja."

Hilo la pili lilikuwa kweli kabisa, na ndilo lililomponza. Kwa kuwa alijua hajatia mfuko, aliona lazima kuna mtu aliyetia. Na Corinne alikuwa na mtu wake tayari.

Jirani yao wa upande wa kushoto aliitwa Verlyn Stroud. Kwa miaka thelathini alikuwa ameendesha gari la kuondoa theluji barabarani, na tangu mkewe, Bi Arlene, alipofariki mwezi wa Machi, alikuwa akiishi peke yake na kusema maneno machache kuliko bubu. Tena alikuwa na tabia ya kutembea alfajiri bila mbwa. Mtu mwenye mbwa unajua anatafuta nini nje saa kumi na mbili kasoro. Asiye na mbwa anatafuta nini? Siku ya kibandiko cha pili Corinne alikuwa amemwona, kupitia dirisha la chumba chake, akilishika pipa lao la buluu na kulizungusha, kisha akaenda zake mikono mfukoni. Wakati ule hakulitilia maanani. Sasa alilitilia maanani usiku na mchana.

Shaka ikishaingia moyoni haikosi chakula. Bwana Stroud akimsalimia, Corinne alijiuliza anaficha nini. Asipomsalimia, alijua anaficha kitu. Siku moja alimwona akitoka dukani na kisanduku cha mifuko myeupe ya jikoni, ile ile inayonunuliwa na kila nyumba katika mji mzima wa Tolliver, na moyo wake ukaruka kana kwamba ameokota ushahidi wa mahakamani. Alimwambia Emmett asimkaribie mzee yule. Emmett aliuliza kwa nini. Akaambiwa kwa sababu.

Jumanne iliyofuata ya pipa la buluu Corinne aliamka kabla ya kengele ya saa. Alikuwa ameyatoa mapipa tangu jioni. Sasa alizima taa, akasogeza pazia kidole kimoja, akasubiri. Malenge ya sikukuu ya mwisho wa Oktoba yalikuwa yamepangwa barazani, na barabara ilikuwa tupu. Saa kumi na mbili na dakika chache Bwana Stroud alitokea. Alitazama huku na huku. Alilizungusha pipa, akafungua kifuniko, akaingiza mkono hadi begani. Mkononi mwake kulikuwa na kitu cheupe. Corinne aliona mfuko kwa macho yake mawili, na hakuhitaji kuona zaidi. Aliliachia pazia, akakaa kitandani amejaa hasira, na raha pia, maana ni raha kubwa kugundua kwamba ulikuwa sahihi.

Angesubiri dakika moja pale dirishani, angeona mfuko ulikokwenda. Hakusubiri.

Kwenye kituo cha basi alimkuta Bi Doreen Pasek, wa nyumba ya mkabala, akimsindikiza mjukuu wake. Corinne alimweleza yote. Bi Doreen alisikiliza huku akifunga mkanda wa koti lake na kuufungua tena.

"Nilijua," alisema. "Mimi sisemi, lakini nilijua. Tangu Arlene afe yule mtu hayuko sawa. Umemwona akitia?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Akitia?"

Corinne alisita kidogo sana. "Ndiyo. Akitia."

"Haya. Lisemwalo lipo."

Hadi jioni habari ilikuwa imezunguka nyumba zote tisa za Mtaa wa Birch. Siku hiyo pipa halikubandikwa kitu. Jambo hilo lingeweza kumfikirisha Corinne, lakini alikuwa na jibu: mzee alishtuka akautoa mfuko wake. Mtu mwenye shaka hakosi jibu. Mama aliposikia alikunja uso, akauliza tena kama Corinne ana hakika kwamba kila kilichomo pipani kinatoka mikononi mwake. Corinne akaapa. Kufikia hapo uongo wake mdogo wa biskuti mbili ulikuwa umebeba mzigo mzito kiasi kwamba asingeweza kuutua bila watu kusikia kishindo.

Ijumaa Bi Doreen alipiga simu halmashauri. Jumatatu mfanyakazi mmoja mwenye koti la kung'aa alisimama kwenye mlango wa Bwana Stroud akiwa na daftari, na mapazia ya mtaa mzima yakachezacheza. Walizungumza kwa muda mfupi. Mzee hakupaza sauti wala kupunga mikono. Alifunga mlango tu, na tangu siku hiyo hakuonekana tena akitembea alfajiri. Corinne alijiambia kwamba mtu asiye na hatia angetoka nje akajitetea.

Sasa, katika Mtaa wa Birch kulikuwa na desturi ambayo hakuna aliyewahi kuitangaza. Karatasi ya halmashauri ilikuwa kwenye kila friji, na hakuna friji hata moja ambako ilisomwa. Watu walichungulia dirishani. Pipa la buluu la Bwana Stroud likiwa ukingoni, ni wiki ya buluu. Lisipokuwapo, si wiki yake. Baada ya sikukuu, ratiba iliposogezwa siku moja mbele na watu wa mitaa mingine wakaaibika mbele ya mapipa yaliyojaa, Mtaa wa Birch haukukosea, kwa sababu Verlyn Stroud hakukosea.

Jumanne ya buluu iliyofuata pipa lake halikutoka. Na kwa hiyo la Bi Doreen halikutoka, wala ya wale wengine hayakutoka. Lilitoka la akina Haugen peke yake, kwa kuwa Mama, kwa hofu ya kibandiko cha tatu, alikuwa ameizungushia tarehe hiyo wino mwekundu. Corinne alisimama kando ya pipa lake, begi mgongoni, akaitazama barabara tupu juu na chini. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa hili: mzee anafanya makusudi. Anataka mtaa mzima ukose lori.

Lori likaja. Lilipita nyumba baada ya nyumba bila kupunguza mwendo, likasimama kwao. Mkono wa chuma ulinyooka, ukasita hewani, ukarudi. Mlango ukafunguka na dereva, mtu mnene aitwaye Lonnie, akashuka akiwa na kibandiko cha chungwa mkononi.

"Umelikalisha kinyumenyume," alisema. "Magurudumu yanatazama barabara." Alilizungusha, akafungua kifuniko, akapumua kwa pua. "Na mifuko tena. Mzee leo yuko wapi, anaumwa?"

"Mzee gani?"

"Verlyn. Yeye ndiye anayekugeuzia pipa. Mara iliyopita alinisimamisha pale kona, amebeba mfuko wenu mweupe. Akaniambia, Lonnie, mama yao anatoka alfajiri, na mimi nimeshaitoa mifuko, usiwaandikie." Alitikisa kichwa. "Leo kamera ya lori imeshaona, binti. Sina la kufanya."

Alibandika, akapanda, akaenda. Bi Doreen alitoka mbio akiwa na vazi la kulalia na ndala, akilikokota pipa lake lililojaa, akapiga kelele, lakini lori lilikuwa limeshakata kona. Katika nyumba nyingine milango ilifunguka, watu wakalitazama lile pengo ambapo pipa la Bwana Stroud husimama, kisha wakatazamana.

Corinne hakuwatazama. Alikuwa ameinama ndani ya pipa kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Ndani mlikuwa na mfuko mweupe mmoja, makopo yote humo humo, umefungwa kwa fundo lenye masikio mawili marefu. Alilijua fundo lile. Ndivyo Emmett alivyokuwa akifunga viatu vyake tangu ajifunze kuvifunga.

Emmett mwenyewe alikuwa amesimama barazani na kiatu kimoja. "Huo ni wangu," alisema kwa fahari. "Nimeufunga vizuri, haumwagiki hata kidogo."

"Emmett, mbona hukuvimimina? Mfuko hauingii humu."

"Hukuniambia. Ulinipa biskuti tu."

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimekaa mezani kwao kila siku kikila tambi. Corinne alisimama pale akihisi uso unamwaka. Kibandiko kilikuwa bado kibichi, gundi haijashika. Kwa ukucha aliinua pembe yake, nayo ikakubali bila shida. Mama angerudi saa kumi. Kibandiko kikitoka, kungekuwa na siku chache za amani kabla lori la halmashauri halijaja kulichukua pipa, na katika siku hizo Bwana Stroud angeendelea kuhesabiwa mkosaji. Alitazama nyumba ya jirani. Mapazia yalikuwa yamefungwa yote. Alikibonyeza kibandiko kwa kiganja mpaka kikalala sawasawa, na basi lilipofika alipanda akilia.

Mama alirudi akakuta mtoto wake amekaa kwenye ngazi, hajavua hata begi. Corinne alisema yote, biskuti na buibui na dirisha, na lile neno "akitia" ambalo hakuliona. Mama alikaa chini kando yake, akavua viatu vya kazini.

"Jumapili nilikutana naye dukani," alisema hatimaye. "Nilimwona, naye akajua kwamba nimemwona. Nikageuza kigari changu nikapita njia nyingine. Kwa neno lako."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nitakusamehe, wewe ni mtoto wangu. Vaa koti. Uongo ulipopita, ukweli upite hapo hapo, nyumba kwa nyumba."

Walianza kwa Bi Doreen, ambaye alisema yeye alirudia tu alichoambiwa, na aliposema hivyo alikuwa akiangalia zulia lake. Wakaenda nyumba zilizobaki. Kwenye kila mlango Corinne alisema maneno yale yale, na hayakuwa mepesi hata kwenye mlango wa mwisho. Wengine walimshukuru. Mmoja alicheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Bwana Stroud alifungua mlango kabla hawajabisha mara ya pili. Alimsikiliza Corinne mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa juu ya kitasa.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Bwana Stroud. Nisamehe."

"Yule mtu wa halmashauri alisimama hapo hapo uliposimama," mzee alisema. "Akaniuliza kama nina tabia ya kuchezea mapipa ya watu. Miaka thelathini nimeondoa theluji mbele ya milango hii. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza mimi."

Mama alisema kwa sauti ya chini, "Hata mimi sikuja, Verlyn. Nimekosa. Lakini na wewe ungetuambia kuhusu ile mifuko."

"Ningebisha hodi, kweli. Arlene ndiye aliyekuwa anajua kubisha hodi. Mimi najua kuondoa vitu vilivyoziba njia, basi." Hakusema kwamba haidhuru. Aliwashukuru kwa kuja, akafunga mlango taratibu.

Alhamisi pipa la buluu la akina Haugen lilichukuliwa. Corinne alilisukuma mwenyewe hadi ukingoni, magurudumu yakielekea nyumbani.

Wiki ya buluu ilipofika tena, Jumatatu jioni, baada ya saa kumi na mbili, sauti ya magurudumu ilisikika upande wa kushoto. Bwana Stroud alikuwa analitoa pipa lake. Haikupita robo saa, mabanda ya gari yakafunguka mtaa mzima na mapipa ya buluu yakaanza kushuka, na watu wakamwita kwa jina walipopita. Bi Doreen alimpelekea pai ya malenge. Yeye alipokea na kusema asante, neno moja tu.

Corinne alisimama mlangoni, ndoo ya jikoni mikononi, hana pa kuimwaga.

"Lete hapa," mzee alimwita. "Mtu mmoja hajazi pipa. Lakini nitakagua."

Na alikagua kweli. Alisimama akatoa kitu kimoja kimoja, akakitazama kwenye mwanga wa taa ya barazani, akarudisha boksi la piza kwa sababu lilikuwa na mafuta, akarudisha kikombe cha mtindi ambacho hakikuoshwa. Corinne alisimama akapokea. Ilikuwa hivyo Novemba yote na Desemba yote, theluji ikiwa imefika magotini, na hakuna aliyepewa biskuti.

Jumatatu moja ya Februari alifika na ndoo yake kama kawaida. Bwana Stroud alifungua kifuniko, akageukia upande wa barabara.

"Leo hukagui?" Corinne aliuliza.

"Nimechoka. Kumshuku mtu ni kazi ngumu, Corinne. Inakuamsha alfajiri, inakusimamisha dirishani, na mwishoni unaona kile tu ulichokwenda kukitafuta. Wewe umeshaifanya, unajua. Ni afadhali kuuliza. Nami nimeona niulize tu. Humo ndani vyote ni safi?"

Corinne aliinua ndoo hadi ukingo wa pipa. Kisha akaishusha.

"Kuna kopo la maharage sijaliosha," alisema.

"Haya, nenda kalioshe," alisema Bwana Stroud. "Nakusubiri."

Akabaki pale kwenye theluji, ameshikilia kifuniko wazi, mpaka Corinne aliporudi.